Taa ya Njano Kwenye Gari ya Baba Watoto

1.

Wiki iliyopita niliahidi kuandika kuhusu kumwanzishia mtoto uji. Uji utakuja, msijali. Leo naomba tuongee kitu ambacho sikuwahi kufikiria ningekiandika hapa: taa ya injini ya gari.

Najua wengine mnataka kupita. "Nesi naye kawa fundi?" Subiri kidogo. Hii habari ni ya watoto wako kabla haijawa ya gari. Na inanihusu mimi mwenyewe, ninayefundisha dalili za hatari kliniki kila Jumanne, halafu nikapanda gari yenye dalili ya hatari asubuhi na jioni kwa wiki sita, nikaiita uchovu wa mimba.

Nianze na gari yenyewe. Baba watoto anapenda Altezza. Mliopo Dar mnazijua, na kama huzijui kwa macho unazijua kwa mlio. Toyota walizitengeneza kuanzia 1998 hadi 2005. Ya kwetu ni injini ya lita 2, gia 6 za mkono, inasukumwa na matairi ya nyuma. Dashibodi yake imechorwa kama saa ya mkono ya mwanaume, duara moja kubwa lenye viduara vidogo ndani. Ni gari ya michezo iliyovaa nguo za gari ya familia: milango minne, na nyuma kiti cha mtoto kinaingia. Ndiyo maana nilikubali.

Aliitafuta miaka minne. Siku aliyoileta nyumbani alizima injini akabaki amekaa ndani kama robo saa, mikono kwenye usukani. Nilimwona dirishani, sikumwita. Sasa mtu kama huyo unamwambiaje kwamba gari yake ina kitu?

2.

Mwaka mmoja baadaye akabadilisha eksozi ili gari ilie vizuri. Gereji siitaji, maana siandiki ili kugombana na mtu. Mafundi wakakata bomba la zamani, wakaweka jipya, na katikati wakatoa masega.

Kwa wasioyajua, masega ni kile kipande cha kwenye eksozi ambacho ndani kina vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki. Kimepakwa madini ya bei kubwa, platini na wenzake, ndiyo maana watu wanayanunua. Kazi yake ni kuusafisha moshi kabla haujatoka nje. Moja ya hewa anazozibadilisha ni kaboni monoksaidi. Lishikeni hilo jina, tutalirudia.

Masega wakayachukua wao, wakampunguzia bei. Akarudi nyumbani kafurahi. Gari ililia kweli, mpaka binti yetu wa miaka mitatu akawa anaamka usingizini akisema, "Baba kaja," kabla gari haijakata kona.

Kama wiki mbili baadaye taa ya njano ikawaka. Ile yenye mchoro wa injini, inayofanana na bomba la maji lililochorwa na mtoto wa chekechea. Mafundi wanaiita cheki injini. Nikauliza. Akanijibu, "Sensa tu hiyo, mke wangu. Gari za spoti ndivyo zilivyo."

Akaipeleka palepale. Wakachomoa terminali ya betri, wakairudisha, taa ikazima. Siku mbili, ikawaka. Wakachomoa tena. Ikawaka tena. Mara ya tatu wakafungua dashibodi wakaiziba taa na kipande cha utepe mweusi. Akarudi akaniambia, "Imepona."

Jamani. Mama anakuja na mtoto mwenye homa siku ya tatu. Namkuta kampa panadol, joto limeshuka, kajiridhisha. Namwambiaje? Namwambia joto lilikuwa linakuita, wewe umelinyamazisha, na kilicholileta bado kipo ndani. Naisema hiyo sentensi mara ngapi kwa mwezi! Lakini kwa ile taa nilinyamaza. Mambo ya gari ni ya wanaume, nikasema moyoni. Na zaidi ya hapo, sikutaka kumwondolea ile furaha.

3.

Wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi sita. Asubuhi tunatoka wote watatu, binti anashushwa shule ya watoto, mimi nashushwa kazini, yeye anaendelea. Ilikuwa masika, vioo tumepandisha, foleni haisogei. Safari ya nusu saa inakuwa saa moja na nusu.

Nikaanza kuumwa kichwa. Kichwa cha kubana kwenye paji la uso, na kichefuchefu. Nikajisemea ni mimba. Nikapima presha, ipo sawa. Nikapima wingi wa damu, sawa. Nikaongeza maji ya kunywa, nikaongeza kulala.

Binti naye akawa anasinzia akikaa tu garini. Siku mbili akatapika kabla hatujafika. Mwalimu wake akaniambia asubuhi mtoto anafika amelegea, kufikia saa nne yuko sawa anacheza. Nikasema gari inamtibua, watoto wengi wako hivyo. Baba naye akilalamika kichwa, nikamwambia ni njaa, hanywi chai asubuhi.

Unaona? Watu watatu, kila mmoja nimempa ugonjwa wake. Na mimi ndiye nesi wa nyumba.

Kulikuwa na mambo mengine. Harufu ya petroli na moshi ndani ya gari. Baba akisema ndiyo harufu ya spoti. Gari ikawa inakunywa mafuta kuliko zamani. Akisema ni foleni. Na siku niliyopanda daladala, nikiwa nimesimama nimebanwa kama dagaa, kichwa hakikuniuma hata kidogo. Nilikumbuka hilo baadaye sana.

Halafu ikafika Jumanne moja. Kliniki ya wajawazito, kina mama kama thelathini kwenye mabenchi, mvua inapiga bati. Msimu wa mvua na baridi huwa nawafundisha kuhusu jiko la mkaa. Usiingize jiko la mkaa chumbani mkafunga mlango na dirisha, hata kama moshi hauonekani. Hewa inayoua haina rangi wala harufu. Nikaendelea kama kawaida: "Mtajuaje? Kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi usio wa kawaida, mtoto analegea. Na dalili kubwa ni kwamba mnaumwa wote mlio ndani kwa pamoja, na mkitoka nje mnapata..."

Sikuimalizia. Nilisimama pale na chaki mkononi. Mama mmoja wa mbele akaniuliza, "Nesi, unajisikia vibaya?" Nikamwambia, "Ngoja kidogo." Nilikuwa naiona dashibodi yetu, pale palipobandikwa utepe.

4.

Nilimwomba mwenzangu amalizie somo, nikatoka koridoni nikampigia baba watoto. Nikamwambia asimchukue mtoto na ile gari. Akauliza kwa nini. Nikamweleza harakaharaka, vibaya, huku natetemeka. Akakasirika. "Kwa hiyo unataka niiuze." Nikamjibu, "Sitaki uiuze. Nataka ipimwe, na mpaka ipimwe mtoto hapandi." Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema atamfuata na bajaji.

Mimi nikaenda kwa daktari wa zamu palepale kazini. Kwenye kidole wakanibandika ile mashine ya kupima oksijeni, ikasoma 98. Hapa nawaomba msikilize vizuri, hata wenzangu wa kazi. Kaboni monoksaidi inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Inakaa kwenye kiti cha oksijeni na haitoki haraka. Ile mashine ya kidoleni haitofautishi kati ya damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba hewa hii. Zote inazisoma nyekundu, inakupa namba nzuri. Kwa hiyo 98 haikuniambia kitu. Kipimo chenyewe ni cha damu, na si kila hospitali inacho.

Daktari hakusubiri kipimo. Akanivalisha barakoa ya oksijeni, akasikiliza mapigo ya mtoto tumboni. Mtoto aliye tumboni yuko kwenye hatari kuliko mama yake, kwa sababu damu yake inaishika hewa hii zaidi na inaiachia taratibu. Mama anaweza kujisikia nafuu huku mtoto bado. Zile sekunde za kutafuta mapigo sitazisahau. Nimeshawasikilizisha kina mama wengi mapigo ya watoto wao. Siku ile ndiyo nilijua kwa nini wanashika mkono wa nesi.

Mapigo yalikuwepo, mazuri. Binti naye baba yake alimleta, akaangaliwa, yuko sawa. Yeye mwenyewe baba alikaa kwenye benchi hana la kusema. Sikumsemesha. Sikuwa na haki ya kumsemesha, kwa sababu mimi nilikuwa najua na nilikaa kimya.

5.

Kesho yake akaipeleka gari kwa fundi mwingine, mzee mmoja asiye na haraka. Aliendesha peke yake, vioo vyote vinne chini, kwa sababu gereji ipo jirani. Hata hilo sikulipenda. Nikamfuata kwa miguu.

Mzee kwanza alitoa utepe. Halafu akachomeka mashine ya kupimia chini ya usukani, akasubiri. Kompyuta ya gari huandika kosa kwa herufi na namba nne. Ya kwetu iliandika P0171, maana yake injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Nilidhani atasema, "Badilisha kitu fulani." Hakusema hivyo. Akasema, "Hii namba inaniambia pa kuanzia kutafuta. Haijaniambia ugonjwa."

Nilimpenda mzee yule papo hapo.

Akapandisha gari, akawasha injini ikiwa ya baridi, akamwambia kijana wake azibe mdomo wa eksozi na tambara kidogo. Tukasikia: tss, tss, tss. Karibu na injini, pale bomba jipya lilipoungwa, gasketi ilikuwa imekaa vibaya na pembeni kuna masizi meusi. Moshi ulikuwa unatokea pale, chini ya miguu yetu, badala ya kwenda nyuma. Na juu yake, kile kipira kinachoziba tundu la gia sakafuni kilikuwa kimepasuka. Mlango wa kuingilia ndani.

Sasa angalieni mambo yalivyofuatana, maana hapa ndipo nilipoelewa taa ilikuwa inasema nini. Bomba lenye ufa halitoi moshi tu, linavuta na hewa ya nje. Mbele kidogo ya ule ufa kuna sensa inayonusa oksijeni kwenye moshi. Sensa ikanusa hewa ya ziada. Kompyuta ikadhani injini ina upungufu wa petroli, ikaongeza petroli. Petroli ikizidi haiungui yote sawasawa, na kisichoungua vizuri ndicho kinachotoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Masega ya kuisafisha yameshauzwa. Bomba linavuja. Sakafu ina tundu. Vioo vimefungwa. Ndani yupo mtoto wa miaka mitatu na mwingine tumboni.

Taa iliwaka mwanzoni kabisa mwa huo mnyororo, na mara tatu tuliizima.

Mzee akaweka gasketi mpya, akachomelea upya, akabadilisha kile kipira, na baba watoto akanunua masega mengine. Zilitoka pesa zilizokuwa za kitanda cha mtoto. Mlio ukapungua. Najua ulimuuma. Siku hizi binti anaamka baba yake akishafungua geti.

6.

Sasa tuje kwako. Hata kama kwenu si gari ya michezo, hata kama ni gari ya kawaida kabisa, taa ni ileile. Haya ndiyo ninayotaka uyajue, na huhitaji kujua gari ili uyafanye.

Taa ya njano imewaka na imetulia, gari inakwenda kawaida. Hiyo si ya kusimama katikati ya barabara. Endesha taratibu, na ndani ya siku chache ipimwe kwa mashine. Inaweza kuwa kitu kidogo. Kwenye baadhi ya magari hata mfuniko wa tangi la mafuta usipokazwa taa inawaka. Inaweza kuwa kikubwa. Kwa kuitazama hutajua.

Taa ya njano inawaka na kuzima, inapepesa, na gari inatetemeka au inakosa nguvu. Hiyo ni haraka. Mara nyingi maana yake petroli haiungui ndani ya injini, inaungulia kwenye masega, na masega yanapata moto mkali. Toa mguu, usikimbize gari, tafuta pa kuegesha salama na uzime. Usiegeshe juu ya majani makavu. Na hapa wenye gari za spoti wasikilize zaidi, maana wao taa ikipepesa ndiyo kwanza wanakanyaga kusikia kama itaachia.

Taa nyekundu ya oili, au joto la injini limepanda. Hiyo ni nyingine kabisa. Egesha, zima, usiendelee hata kidogo. Na usifungue mfuniko wa rejeta ya moto. Majeraha yake nimeyafunga kwa mikono hii.

Fundi akikwambia amefuta taa, muulize: "Namba ilikuwa ngapi? Ulikuta nini?" Akikosa jibu, hajatibu. Mwambie akuandikie ile namba kwenye karatasi kabla ya kufuta chochote, kama tunavyokuandikia wewe kwenye kadi ya kliniki. Na ukinunua kile kipimo kidogo cha kuunganisha na simu, jua kwamba baadhi ya gari za soko la Japani, hasa za zamani, hakizisomi. Kutosoma si kwamba gari ni nzima.

Ukiwasha switchi kabla ya kuwasha injini, ile taa inatakiwa iwake kidogo, kisha izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, uliza. Huenda na kwenu kuna utepe.

Ukisikia harufu ya moshi ndani ya gari, au mkiumwa kichwa zaidi ya mmoja mkiwa safarini, shusha vioo vyote, egesha, zima injini, tokeni wote. Usiendeshe buti likiwa wazi, maana moshi unarudi ndani kwa nyuma. Usiwaache watoto wamelala ndani ya gari inayonguruma ili wapate kiyoyozi, hasa karibu na ukuta au ndani ya banda la gari.

Halafu nendeni hospitali, hasa mjamzito, mtoto mdogo, mzee, au mtu aliyezimia hata kwa dakika moja. Semeni wazi: "Tulikuwa kwenye gari yenye moshi." Usiposema, tutatafuta malaria. Dawa yake ni oksijeni. Kwa hewa ya kawaida hii sumu huchukua saa 4 hadi 5 kupungua nusu. Kwa oksijeni ya barakoa ni kama saa 1 na nusu. Maziwa hayaitoi. Najua bibi alisema maziwa. Bibi namheshimu, lakini maziwa yanakwenda tumboni na hii ipo kwenye damu.

7.

Mtoto wetu wa pili alizaliwa kwa wakati wake, kilo 3.1, analia kama ile eksozi ya zamani. Baba yake ndiye anayesema hivyo, si mimi.

Altezza tunayo bado. Juzi taa iliwaka tena, tukiwa njiani kwenda kwa mama mkwe. Nilimtazama, yeye akanitazama. Nilijiandaa kwa maneno. Hakusema kitu, alishusha vioo, akaegesha kwenye kituo cha mafuta, akampigia mzee. Siku ile tulikwenda kwa mama mkwe na basi dogo, yeye kambeba mdogo, mimi nimemshika mkubwa. Kesho yake ikaonekana ni koili ya plagi moja. Kitu kidogo.

Mama, mimi sikukosa elimu. Nilikosa kusema sentensi moja: "Hatupandi mpaka ipimwe." Niliogopa kuonekana naingilia. Kama kwenu kuna taa inayowaka, na mtu kakwambia ni sensa tu, isome hii mbele yake leo jioni. Isome kwa upendo, akiwa ameshakula. Lakini isome.

Wiki ijayo uji, naahidi. Mtayarishe maswali ya karanga.